Maneno ya Upande wa Kulia

Ukitaka kumjua Eucabeth, njoo kibanda changu cha chai hapa nyuma ya nyumba za reli, Nakuru, saa yoyote ya mchana. Utamkuta kwenye benchi karibu na soketi, simu yake iko kwa chaji. Simu yenyewe ni kabambe, ya vibonyezo na tochi, intaneti haijui. Hata ikijaa haichomoi. Mimi humwambia, "Mama Quincy, unamaliza stima yangu bure," naye ananijibu, "Nakhumicha, mimina chai uwache maneno." Baba yake alikuwa fundi wa reli, alitoka magharibi akapewa chumba hapa. Eucabeth akazaliwa hapa, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa. Ameuza omena, dagaa wa ziwani, maisha yake yote. Mtoto ni mmoja tu, Quincy.

Quincy alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Mwaka juzi lori lao lilikatika breki wakiteremka kuelekea Salgaa. Dereva akafa, Quincy akatoka na mkwaruzo kidevuni. Watu nao wana midomo. Kwenye matanga ya yule dereva mtu alisema waziwazi kwamba tanboi ndiye wa kuangalia breki kabla ya safari. Quincy alisikia. Hakuongea tena na mtu, na asubuhi moja akaondoka bila hata sweta.

Tulimtafuta kituo cha polisi, hospitali, mochari. Hakuna. Ndipo Maxwel akajitokeza. Huyu ni kijana wa kanisa letu, ndiye huendesha projekta Jumapili, na siku za wiki ana duka la kompyuta. Akasema atatengeneza websaiti, madereva watumiane kwa simu barabara yote. Sikatai, ana roho nzuri, na hakuitisha kitu. Alimketisha Eucabeth mbele ya kompyuta yake pana akamwuliza, "Mathe, unataka tumwambie nini?"

Eucabeth alifikiria mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mwandikie hivi: Quincy, hakuna anayekulaumu. Mke wa dereva mwenyewe amesema hivyo. Rudi nyumbani. Nipigie." Maxwel akaweka picha ya Quincy kushoto, maneno hayo na namba ya simu kulia, na juu kabisa msalaba na jina la kanisa.

Tuliizindua Jumapili, ibadani. Sasa kanisa letu lina mzee wa mlangoni ambaye kazi yake ni moja, kuhakikisha kila simu imezimwa kabla hujaingia. Atakusimamia mpaka kioo kiwe cheusi. Basi websaiti ikaangushwa ukutani, kubwa kuliko dirisha, picha huku, maneno kule, inapendeza kweli. Tukapiga makofi. Pasta akaweka mikono ukutani akaiombea. Kanisa zima tulikuwa na simu mifukoni, zimezimwa, na hakuna hata mmoja aliyeitazama kwa simu, kama dereva angeitazama. Tulipotoka tukatuma kwenye magrupu yetu yote. Kuifungua tena ilikuwa ya nini, na kila mtu ameiona ukutani, na namba ya Eucabeth tuko nayo?

Ikasambaa. Maxwel alikuwa akipita kutuambia watu wameifungua, hata wa Malaba, hata wa Mombasa. Kabambe haikulia. Mimi nilianza kuamini kijana alikuwa ameshakufa, ila ningemwambia nani?

Mwezi uliopita mama mmoja akaingia kibandani, amebeba sufuria mpya. Aliniambia anaitwa Wangechi na anapikia madereva kule Mai Mahiu. Akaagiza chai, akainua macho akaona picha ya Quincy niliyoibandika juu ya jiko.

"Huyu namjua," akasema. "Alikuwa akinichotea maji."

Eucabeth alishika ukingo wa benchi. Wangechi hakujua ni nani anamsikiliza, akaendelea tu. Kijana alikaa kwake miezi, mpole, usingizi hana. Halafu dereva mmoja akamtumia Wangechi hiyo websaiti, naye akamwita kijana amwonyeshe.

"Kwa simu yangu ilikuwa picha yake na msalaba juu na jina la kanisa. Basi. Nikamwambia tutafute namba upige, tukaenda juu, tukaenda chini, hakuna. Akaishikilia hiyo simu, akasema, 'Hawa wamenizika.' Nikamwambia aache ujinga. Asubuhi nikapata mitungi imejaa maji, yeye hayuko. Aliondoka na malori, sijui ya upande gani."

Nilitoa simu yangu nikaifungua pale pale. Kweli, picha imejaa kioo chote, na juu msalaba na jina la kanisa, kama matangazo ya vifo tunayotumiwa kila siku. Nilisukuma chini, hakuna kitu. Nilipovuta kwa kando ndipo "hakuna anayekulaumu" ikaanza kutokea, neno moja moja, kutoka upande wa kulia. Nani huvuta kwa kando? Wangechi alipoelewa yule aliyeketi hapo ni nani, aliweka sufuria chini akaanza kulia.

Nilimfuata Maxwel dukani nikamtusi mpaka wateja wakatoka. Aliketi akabonyeza, na kabla hasira yangu haijaisha alikuwa amemaliza. Kwa simu, maneno sasa yanashuka chini ya picha, kwa herufi kubwa, na namba ukiigusa inapiga yenyewe. Kazi ndogo namna hiyo. Iliniuma zaidi kwa kuwa ndogo.

Nikarudi kumwonyesha Eucabeth. Nikagusa ile namba, na kabambe ikalia pale kwenye chaji. Mama wa watu aliirukia, beseni lake la omena likamwagika. Akatazama kioo, akaona ni jina langu.

"Inafanya kazi," nikasema. Nilijichukia.

"Sasa akiifungua ataona?"

"Ataona, Mama Quincy. Yote."

Alirudisha simu kwenye chaji, akainama kuokota omena.

"Nakhumicha," akasema, "mtu akishaona tangazo la kifo chake, ataliangalia tena ya nini?"

Nilimmiminia chai. Mpaka tunafunga kibanda, hakuwa ameigusa.