Tofali la Moto Miguuni

Mama yangu ana tofali moja la kuchoma ambalo halijawahi kujenga kitu. Linakaa pembeni mwa mafiga jikoni kwetu Igowole, jeusi kwa masizi, pembe moja imekatika. Msimu wa baridi ukianza, ukungu ukashuka mpaka mtu haoni choo kilipo, mama hulisogeza motoni, akalifunga kwa kitenge kikuukuu na kuliweka miguuni pa mtoto anayetaka kulala. Ndivyo tulivyolelewa wote nyumbani. Tofali hilo nusura liniue, na kosa halikuwa lake wala la mama.

Nilikuwa utingo wa lori la mbao. Tulipakia Mufindi, tukashusha Mbeya. Siku ile tulisimama Igawa, dereva akaenda kula wali, mimi nikapanda juu ya mzigo kukaza kamba. Kamba ilikuwa imelowa. Nakumbuka nikiivuta, nakumbuka mawingu, kisha nakumbuka wanaume wanne wamenibeba mzobemzobe, kila mmoja akivutia upande wake, na mimi najiuliza ile miguu waliyoishika ni ya nani.

Huko Mbeya daktari alisema uti wa mgongo umeumia, na kuanzia kitovuni kushuka chini nisitegemee kusikia kitu. Alisema vizuri tu, kwa upole, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyenieleza mambo yalivyo. Alikuwa ananigeuza ubavu.

"Kaka, mgongo hautakuua tena," aliniambia. "Ungekuwa wa kukuua ungekuua palepale barabarani. Wa kukuua sasa ni vidonda na mkojo. Mpira wa mkojo usizibe, na ngozi iangalie kila siku. Kila siku, umenielewa?"

Nilimwitikia. Nilidhani ananitia moyo.

Hakuna aliyeniambia kwamba kutokufa ni kazi, tena kazi isiyo na Jumapili. Unageuzwa kila baada ya saa mbili. Ukiketishwa kwenye kiti cha magurudumu unajiinua kwa mikono ili makalio yapumue. Unakunywa maji hata kama huna kiu, unachungulia mfuko wa mkojo kama umebadilika rangi, unashika kioo kutazama sehemu zako ambazo zamani hukuwa na sababu ya kuzitazama. Mwenye miguu yake akichoka anaachwa apumzike. Mimi nikisema nimechoka, ndiyo kwanza wananigeuza.

Baada ya miezi michache nilirudishwa Igowole, na wageni wakaja. Sina ubaya na wageni, lakini wale walinimaliza. Kila mmoja akishasalimia kwa kamwene na kujibiwa, anakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, anatazama blanketi na kuuliza, "Umeanza kusikia miguu?" Nikisema bado, wanaguna. Mmoja alipotoka nje nikamsikia kupitia ukuta akimwambia mwenzake, "Huyu mwaka hamalizi." Mama alikuwa nao pale. Alirudi ndani macho mekundu, akasema moshi.

Jioni hiyo akaleta tofali. Baridi ilikuwa kali, ya kuumiza meno. Akainua blanketi, akaliweka tofali kwenye nyayo zangu, akanifunika vizuri, akasimama pale akinitazama.

"Miguu yako ilikuwa baridi kama ya maiti," alisema. "Unasikia joto?"

Nilikuwa nimechoka. Nilichotaka ni apate usingizi, siku moja tu. Nikasema, "Nasikia, mama. Kidogo."

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Jumapili akalisema kwenye jumuiya, akatoa na jogoo wa shukrani, na wanajumuiya wakaja kuniimbia. Ningesema nini? Nikaendelea kudanganya, na mwongo mzuri huweka chumvi. Jioni moja aliponiuliza, nilijifanya kufikiri kwanza, kisha nikasema, "Leo halijakolea sana. La jana lilikuwa na moto zaidi."

Basi kesho yake akaliacha motoni mpaka ugali ukaiva na watu wakala. Akaniletea, akanifunika, akauliza. Nikamwambia, "La leo ndilo lenyewe."

Asubuhi alipokuja kunisafisha, kitenge kilikuwa kimegandia kisigino. Alipokibandua, ngozi ilikuja nacho. Mimi niliona tu uso wake.

Tulidhani ni malengelenge, yatapona. Yakawa kidonda, kidonda kikawa shimo, na baada ya wiki mbili nilianza kutetemeka kwa homa. Nikapelekwa hospitali moja upande wa Iringa. Nesi wa huko alifungua dresingi, akaangalia, akamgeukia mama mbele ya wodi nzima.

"Mama, nani alikwambia uweke kitu cha moto kwenye mguu usiosikia? Unataka kumuua mwanao?"

"Anasikia," mama alisema. "Mwenyewe alisema anasikia."

Nesi akanitazama. Mama akanitazama. Mimi nikatazama dripu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, nikafumba macho nikajifanya homa imenizidi. Nimefanya mengi ya kijinga maishani, lakini hilo bado linaninyima usingizi.

Kuanzia siku ile mama hakukaa tena kwenye kiti. Alikaa chini, sakafuni, kanga imefunika kichwa. Wauguzi walipopita alisogeza miguu yake ili asiwasumbue. Kwa ndugu zake waliokuja kunitazama alisema, "Mimi ndiye nilimchoma."

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na baba mmoja aliyeanguka kwenye mti wa parachichi. Tulikuwa tumeumia sehemu zinazokaribiana. Alikuwa mcheshi kuliko mimi, alimtania kila anayepita. Naye alikuwa na kidonda, cha kulalia, chini ya kiuno, na usaha wake ukawa umeingia kwenye damu. Alifariki mchana, watu wakigawa chai. Mgongo wake haukuwa na habari.

Nilipoona wanakunja shuka zake nilipata hofu, na si ya kufa peke yake. Niliona jinsi itakavyokuwa: mimi nitazikwa na uongo wangu, na mama atabaki Igowole na tofali lake, kila baridi akilitazama, akiamini mkono wake ndio ulioniua. Nikamwita.

"Mama, sikuwahi kusikia kitu. Hata siku ya kwanza. Nilikudanganya."

Aliteremsha kanga kichwani. Kisha akauliza, "Na ile ya kusema halijakolea?"

"Niliitunga."

"Mimi nikatoa jogoo," akasema. "Nikasimama mbele ya watu nikashukuru."

Akainuka, akatoka. Nilidhani amekwenda zake nyumbani, na ningemwelewa. Alirudi na uji, akaninywesha kikombe chote bila kunipangusa mdomo. Siku mbili hakusema nami zaidi ya "geuka" na "kunywa". Lakini alikaa kwenye kiti. Na nesi wa zamu alipokuja kusafisha kidonda, nilimweleza, kwa sauti ya kusikika kitanda cha mwisho, nani alisema nini. Mama alitazama dirishani.

Mguu uliponea chupuchupu. Kovu ninalo, zito, na nesi alinionya kwamba hapo hapatakuwa na ngozi ya kuamini tena. Huu ni mwaka wa saba. Yule aliyesema simalizi mwaka hupita akiniomba nimtazamie watoto wake. Kila jioni mama anavua soksi zangu, anamulika nyayo kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Haniulizi kitu. Anaamini macho yake.

Juzi baridi ilikuwa ya kukata. Alikuwa ametoka kuosha vyombo nje. Alimaliza kumulika, akanivisha soksi, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaja upande wa kichwani, akaniwekea viganja vyote viwili shingoni, hapa ninaposikia.

"Unasikia joto?" aliuliza.

Ni mzee sasa. Jibu la kumfurahisha lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote.

"Hapana, mama," nikasema. "Mikono yako ni ya baridi."

Alicheka kidogo, akarudi jikoni kuipasha moto. Nikamsubiri.