Faini ya Ustadhi

Nilipovunja ungo, ustadhi aliniambia Juzuu Amma inanitosha, ile wanayoanzia watoto wadogo. Wavulana niliokuwa nawasahihisha waliendelea. Mimi nikaambiwa niende nikamsaidie mama jikoni. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Msahafu niliutaka wote.

Baba alikuwa mgeni Hanang. Alikuja na marobota ya mitumba biashara ilipofunguliwa, Hanang ikiwa bado mkoa wa Arusha, na mbele ya ustadhi alinywea kabisa. Mama alikuwa Mbarbaig, aliyesilimu alipoolewa naye. Alikwenda kwa mama yake, kijiji cha Hirbadaw.

Kwa Wabarbaig, mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake humwendea na fimbo zao ndefu, hukaa mlangoni kwake, na hawabanduki mpaka atoe dume la ng'ombe kama faini. Ustadhi, mtu wa pwani, angejuaje? Alipowaona akina mama wa sketi za ngozi wamejaa uani pa madrasa, bibi yangu mbele, alidhani wamekuja kusilimu. Masikini, alivyofurahi! Alitoa shikamoo, akatandika mikeka, akaagiza chai. Waliinywa yote.

"Umekosea mtoto yetu," bibi akasema alipomaliza kikombe. "Una kesi. Faini yake dume."

"Bibi, haya ni mambo ya dini, siyo ya kabila."

"Sawa. Kitabu yenu inasema msichana asisome?"

Ustadhi alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Aliutazama mkeka. "Hakisemi."

"Sasa nani amesema?"

Mimi dirishani nilitamani kuruka kwa furaha. Ustadhi alipouliza kwa sauti ndogo dume linapatikana wapi, bibi alicheka, akaninyooshea fimbo.

"Madume tunayo. Faini yako ni huyu. Asome mpaka mwisho."

Nikasoma. Siku ya khitma yangu, ya kuhitimisha msahafu wote, nilisoma kwa sauti, mlango wazi, na bibi alisimama nje na fimbo yake mpaka nikafunga msahafu. Hakuelewa hata neno moja, wala hakusilimu mpaka anakufa. Lakini vigelegele vyake vilitangulia vya Waislamu wote, na ustadhi mwenyewe ndiye aliyempelekea sahani ya pilau.

Manyara ilipofanywa mkoa, mimi ndiye niliyekuwa nafundisha kwenye chumba kile kile, wavulana kwa wasichana. Fimbo ya bibi ipo nyuma ya mlango. Akija baba yeyote kutaka kumwachisha bintiye masomo, simgombezi. Namtandikia mkeka, namletea chai, halafu namuuliza swali la bibi.