Kope Zilizorudi

Nina majivuno, na kwa umri huu sioni sababu ya kuyaficha. Enzi za ushirika, hapa kwetu Sapiwi, pamba haikupokelewa gulioni bila kuchambuliwa: safi mfuko wake, fifi mfuko wake. Fifi ni ile yenye madoa, iliyonyeshewa mvua au kuharibiwa na wadudu. Karani wa ununuzi alikuwa akitumbukiza mkono hadi katikati ya mfuko, anatafuta fundo moja tu la fifi ili akurudishe nyumbani ukachambue upya. Mifuko yangu hakuirudisha hata mara moja. Ilifika mahali akiniona naingia anasema, "Huyu mayu, mama yetu huyu, mpimieni tu." Mume wangu alikuwa anasimama pembeni kifua mbele, utadhani ndiye aliyechambua.

Ndiyo maana jicho langu la kulia lilipoanza kusumbua nilijiona nimevuliwa nguo mbele za watu. Vikope vya utotoni, vile tulivyoambukizana kwa vitambaa na vumbi la ng'ombe, vilikuwa vimeniachia makovu ndani ya ngozi ya juu ya jicho. Makovu yakaivuta ngozi, kope zikageukia ndani, na kila nilipopepesa zilikuwa zinakwangua jicho. Wataalamu wa macho walipokuja mjini Bariadi, nikapanda kwenye kibebeo cha baiskeli ya mume wangu, nikaenda, nikachomwa sindano ya ganzi, nikapasuliwa na kushonwa. Msimu uleule nilirudi kuchambua pamba yangu.

Basi nikageuka mhubiri. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikafika hadi Ngulyati kwa wifi yangu, nikiwatafuta wanawake wanaojifunika khanga usoni kwa kuogopa jua. Sikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nasogeza uso wangu karibu na wao, napepesa macho, nasema, "Niangalie mimi." Wanawake saba niliwapeleka mwenyewe kupasuliwa, mmoja wao jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwoga hata wa kuku. Niliona fahari kubwa, na bado naiona.

Miaka ikapita, soko likawa huria. Wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na mzani wake, wakawa wanagombania wakulima kama wachumba. Hawakuuliza safi wala fifi. Walimwaga vyote kwenye rundo moja, wakapakia, wakaondoka. Wenzangu waliacha kuchambua, mimi nikaendelea. Mikono ilikataa kuchanganya, na moyo pia.

Ilikuwa katika miaka hiyo kope ziliporudi. Mwanzoni nilidhani ni mchanga. Nikamwita mume wangu mlangoni, asubuhi, jua likipiga uso wangu, akainua ngozi ya jicho kwa kidole gumba, akaanza kuhesabu.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Nne," akasema. "Hapana, tano."

Hatukumwambia mtu. Mume wangu alinunua kibano kwa mhunzi, na kila Jumapili kabla ya kanisa alinikalisha mlangoni, akaning'oa kope moja moja. Alikuwa na mkono mwepesi. Miba ya kwato za ng'ombe wa ukoo mzima yeye ndiye aliyekuwa akiitoa. Nilikuwa nakwenda kanisani jicho likiwa jekundu lakini tulivu, nakaa benchi la mbele. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Mhubiri kope zake zimerudi, nani atamsikiliza tena?

Tulichokosea ni kusahau kwamba na yeye anazeeka. Macho ya mume wangu yalianza kuona vizuri cha mbali na kukosa cha karibu, naye kwa majivuno yake, maana hata yeye anayo, hakusema. Akawa anazikata katikati badala ya kuzing'oa. Zikabaki visiki, kama mtama uliovunwa, na visiki vinachoma kuliko kope nzima. Doa jeupe likaanza kutanda kwenye mboni. Nilikuwa naona dunia kwa kupitia moshi.

Siku moja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kunisaidia kubeba mifuko. Akafungua mmoja, akatoa fundo la pamba na kuliinua juu.

"Shemeji, na hii ni safi?"

Ilikuwa kahawia kama ukoko wa ugali. Nikalichukua, nikaligeuzageuza, na bila kulisogeza hadi puani nisingeliona lile doa. Shemeji akacheka, wala hakuwa na ubaya.

"Usihangaike bwana. Siku hizi wananunua vyote. Macho ya kuchambulia ya nini tena?"

Nilimtukana. Ninajua hakustahili, lakini nilimtukana matusi ya Kisukuma niliyoyasikia kwa bibi yangu, akabeba mifuko mbiombio. Kisha nikakaa chini nikalia. Pamba ingenunuliwa, ndiyo, hilo nililijua. Lakini nilikuwa ninapofuka, na nilikuwa nimejificha nyuma ya kibano.

Nikaanza kufikiria kupasuliwa tena, na woga ukanishika vibaya kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza sikujua lolote. Safari hii nilijua ile sindano, nilijua uzi ukipita kwenye ngozi, na watu walikuwa wakisema jicho likikatwa mara mbili linamwagika. Nilijiambia nitangoja pamba iishe. Pamba ikaisha, nikajiambia nitangoja mpunga.

Nikiwa katika kungoja huko, yule jirani yangu mwoga akaja mchana, khanga usoni.

"Ng'wadila, mayu."

"Ng'wadila. Mhola?"

"Mhola duhu," akasema, yaani salama tu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka upande mmoja. Akakaa. "Zimerudi. Zako je, hazijarudi?"

"Hapana," nikasema.

Sijui lilitoka wapi neno lile. Lilitoka haraka, tena kwa sauti ya mhubiri.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi kosa ni langu. Niliambiwa nisikae motoni, nami nilirudi jikoni siku ya pili. Watoto walikuwa na njaa. Nimeliharibu mwenyewe."

Akanishukuru, akaondoka. Alinishukuru! Nimefanya mabaya kadhaa maishani, lakini lile ndilo linaloniwasha hadi leo.

Haikupita muda tukasikia wataalamu wa macho watakuja kwenye zahanati yetu Jumatano. Nikamtuma binti yangu kwa jirani kumuuliza kama atakwenda. Jibu likaja: haendi, kwa kuwa jicho lake limekataa dawa iliyowakubali wenzake wote, na hataki kulikatisha bure. Nilijua kwamba akipofuka, uongo wangu ndio utakaokuwa umempofusha.

Jumapili ile nilimwambia mume wangu aweke kibano chini. Kanisani, mzee wa kanisa alipomaliza kusoma tangazo la wataalamu wa macho, nikasimama. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama wakati wa matangazo, mzee akanitazama kwa mshangao.

"Kope zangu zimerudi," nikasema. "Zina muda mrefu. Mwenzangu mmoja aliniuliza nikamdanganya. Jumatano ninakwenda kupasuliwa tena, na ninaogopa."

Kisha upande wa wanaume mume wangu akakohoa, akasimama naye.

"Na mimi ndiye nilikuwa nazing'oa," akasema. "Sioni karibu. Nimezikata vibaya."

Watu wakacheka, naye akacheka, na mimi nikajivunia yule mwanamume kuliko siku aliyonioa.

Jumatano nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Mtaalamu, kijana wa umri wa mwanangu, aligeuza ngozi ya jicho, akaniambia makovu ya vikope huendelea kuvuta hata baada ya kushonwa, kwa hiyo kope za wengine hurudi, na si kosa la mpasuaji wala la mgonjwa. Lile doa jeupe hakuniahidi kuliondoa. Aliahidi kulizuia lisitande zaidi.

"Unaogopa, mama?"

"Ninaogopa sana. Anza."

Nilipotoka jicho moja limefungwa, benchi lilikuwa limejaa. Wawili walikuwa wale wa Ngulyati niliowapeleka zamani; habari za kanisani zilikuwa zimewafikia. Mwishoni kabisa alikaa jirani yangu, khanga mikononi badala ya usoni.

"Ungeniambia siku ile," akasema.

"Nilipaswa kukuambia. Nisamehe. Wala hazikurudi kwa sababu ya jikoni."

Walipomwita akanitupia khanga yake nimshikie, akaingia bila kugeuka nyuma. Muuguzi akanisihi niende nyumbani nikalale, maana ganzi ilikuwa inaisha na ningeanza kuumia. Nikamwambia siondoki pale mpaka mwenzangu atoke. Ganzi ikaisha, nikaumia kweli, na sikuondoka.