Ng'ombe wa Mzee Hhando kwenye Fomu ya Mkopo

Umewahi kuweka rehani kitu kisicho chako? Usijibu haraka.

Severine wa Nambis angejibu hapana, hata ungemwamsha usingizini ukamuuliza. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, dereva wa trekta, mtu ambaye akiokota jembe la jirani njiani alilirudisha likiwa limekwisha kufutwa udongo. Na bado, siku moja ya Januari, katika chumba kimoja cha biashara mjini Mbulu, aliandika kwa mkono wake mbele ya neno DHAMANA: "Ng'ombe jike mmoja, mwekundu, baka jeupe kwenye paji."

Ng'ombe alikuwa wa Mzee Hhando wa Basotu.

Kwa watu wa Nambis jambo hili halihitaji maelezo, lakini kwa aliyekulia kwingine ni vizuri lisemwe. Huku, ng'ombe unaowaona kwenye zizi la mtu si lazima wawe wake. Mwenye ng'ombe sita huweka wawili nyumbani, mmoja kwa shemeji, mmoja kwa rafiki ng'ambo ya mto, wawili kwa mtu wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipita usimmalize. Anayetunza anapata maziwa na samadi, na baada ya uzao kadhaa anapewa ndama. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenye ng'ombe ngozi, na mazungumzo yanaishia hapo. Mzee Hhando alimweka mama wa ng'ombe huyu kwa baba yake Severine miaka kumi na mmoja iliyopita. Baba alifariki, ng'ombe huyu akabaki, na Severine akarithi kazi ya kukata majani.

Ni nini kilimfikisha kwenye fomu? Kazi. Alikuwa ameendesha trekta misimu mitano kwenye shamba moja la ngano upande wa Basotu, akiondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi. Desemba shamba likapata mpangaji mpya, na mpangaji akaja na madereva wake. Severine aliambiwa kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, wa pili ukimtakia sikukuu njema. Mishahara ya miezi miwili aliyokuwa anaidai haikutajwa.

Hakumwambia mkewe. Jenifa alikuwa anajisifu kwa wanawake wenzake kwamba mume wake hajawahi kukosa kazi, na Severine akaona bora afe kuliko kuliharibu neno hilo. Wiki baada ya wiki aliendelea kuondoka Jumatatu na ovaroli lake, akaishia Dongobesh kubeba magunia, akirudi Jumamosi na sukari na uongo. Magunia hayakutosha, akakopa kwenye simu. Mkopo wa simu ulipoiva, akakopa mkopo mkubwa kuulipa ule mdogo.

Mkopo ule mkubwa watu wameupa jina, kausha damu, na walioupa jina ni waliokaushwa. Severine aliomba laki tatu. Akapewa laki mbili na sabini, kwa kuwa elfu thelathini zilikatwa kuwa za fomu. Alirudisha laki moja na themanini kwa taabu ambayo mgongo wake unaijua. Mwezi wa tatu alipouliza deni limebaki kiasi gani, akaambiwa laki tatu na tisini. Mtu amelipa, na anachodaiwa kinazidi alichochukua! Na hili linafanyika mchana, kwa mhuri na kalamu.

Jenifa aliujua ukweli kwa njia ya aibu kuliko zote. Wale wa mkopo wa simu, ambao aliurudia ili apate marejesho ya ule mkubwa, walituma ujumbe kwa kila namba iliyokuwamo kwenye simu ya mumewe: "Mwambie Severine alipe deni." Ulifika kwa shemeji zake, kwa mwalimu wa kwaya, na kwa mama yake Jenifa huko Nangwa. Jenifa hakupiga kelele. Alimfunga mtoto wao Eva mgongoni, akachukua begi, akasema, "Deni ningelibeba na wewe. Ila zile Jumatatu zote ulizokuwa unaniaga, hizo siwezi." Akaondoka kwenda Nangwa.

Tangu siku hiyo Severine hakuweza kukaa. Alikata majani mpaka zizi likajaa, akapalilia vitunguu saumu vya watu kwa kibarua, akafika nyumbani na kuzunguka nyumba kama anayetafuta mlango. Na Jumanne ya wiki ninayoisimulia, simu ililia. Ni Alex, kijana wa ule mkopo mkubwa.

"Kaka, Ijumaa nakuja na gari. Mimi sina ubaya na wewe, ni karatasi tu inaongea. Umfunge ng'ombe karibu na barabara, vijana wangu wana viatu vizuri."

Jioni alimweleza rafiki yake Patriki, ambaye zizi lake linatazamana na lake ng'ambo ya kijito. Patriki alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kabla hajaulizwa.

"Seve, ng'ombe si hufa?"

"Hajafa."

"Ijumaa atakuwa amekufa. Alex ataondoka naye, mzee ataletewa ngozi. Ngozi siku hizi hazina bei, buchani wanazitupa. Tafuta nyekundu."

"Patriki, yule mzee alikula nyumbani kwetu kwenye msiba wa baba."

"Basi mwambie ukweli, halafu umlipe kwa vitunguu saumu."

Severine alimtukana Patriki mpaka akafika mlangoni kwake. Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa buchani. Alitoa shilingi elfu nne, akapewa ngozi nyekundu yenye chumvi, akaikunja kwenye kiroba.

Alhamisi alipanda gari la Haydom na kiroba kati ya miguu, kikinuka, abiria wakimtazama pembeni. Njiani alimpigia Jenifa. Alikuwa na hamu ya kusikia sauti ya mtu anayemjua.

"Uko wapi?" Jenifa aliuliza.

"Naenda Basotu mara moja. Kuna kazi nafuatilia."

"Ukimaliza kusema uongo, nipigie." Simu ikakatwa.

Alimalizia safari kwa bodaboda, mashamba ya ngano yakipita pande zote mbili, marefu, na trekta moja mbali ikigeuza udongo. Dereva wa trekta ile alikuwa anakata kona vibaya. Severine aligeuza uso.

Mzee Hhando alikuwa nje ya nyumba yake anatengeneza mpini. Mkwewe, Imakulata, akaleta kigoda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mtoto wa rafiki yangu. Nyumbani ni wazima? Jenifa? Mtoto?"

"Wazima, baba." Uongo wa kwanza, na hakuwa hata amekaa.

Aliuliza habari za mvua, akaulizwa habari za mvua. Alikunywa maziwa aliyopewa. Kisha akafungua kiroba, akakunjua ngozi chini, akasema ng'ombe ameugua siku mbili, amevimba tumbo, amekufa Jumatatu.

Mzee aliinama. Alipitisha kiganja juu ya ngozi, taratibu, toka shingoni mpaka tumboni, akakaa tena.

"Ng'ombe hufa," alisema. Akamwita mkwewe. "Imakulata! Yule jike mweusi, kesho mtengenezeeni kamba. Huyu ana mtoto mdogo, nyumba haiwezi kukaa bila maziwa."

Severine angeweza kuvumilia matusi. Angeweza kuvumilia fimbo. Kupewa ng'ombe wa pili juu ya kumwiba wa kwanza, hapana. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Baba, yuko hai. Nimemweka kwenye mkopo. Kesho wanakuja kumchukua. Hii ngozi nimenunua."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu nne."

"Umepunjwa," mzee alisema. "Hii ni ya dume. Nilijua tangu mkono wangu ulipofika tumboni. Nilikuwa nangoja nione utafika wapi."

Imakulata alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, akaingia ndani haraka. Mzee hakucheka. Aliuliza habari yote, na Severine akaitoa yote: trekta, Jumatatu, magunia, Nangwa. Aliposema juu ya laki tatu iliyozaa, mzee alimsimamisha, akataka aihesabu upya, kisha akahesabu mwenyewe kwa vidole na kutikisa kichwa.

"Utamchukua ng'ombe wako, baba?" Severine aliuliza. "Nitamleta mwenyewe, kwa miguu."

"Nilimweka kwa baba yako. Baba yako hajanikosea bado. Atakaa pale pale." Alinyosha kidole, kikawa kinamtazama Severine usoni. "Lakini usiniombe radhi hapa, tukiwa wawili na mwanamke mmoja anayecheka. Huyo mwenye gari akija, haya uliyoniambia mimi umwambie yeye, na majirani wawepo. Ukishindwa, nitajua kesho kutwa, maana ng'ombe hatakuwepo."

Ijumaa saa nane gari lilifika likipiga honi tangu shuleni. Honi ile iliwaleta watu wote. Alex alishuka na vijana wawili. Alikuwa na shati safi na simu kubwa, na kwenye simu kulikuwa na picha: Severine ameshika sikio la ng'ombe, anatabasamu.

"Watu wangu hamjambo! Mnaona picha hii? Hata ng'ombe mwenyewe amefurahi. Kaka, mfungue twende."

Severine alikuwa amesimama mbele ya zizi. Aliwaona Patriki na mkewe Zita, akamwona Bibi Philomena, mjane wa nyumba ya juu, akaona nusu ya kwaya.

"Si wangu," alisema. Akarudia kwa sauti. "Si wangu. Ni wa Mzee Hhando wa Basotu, aliwekwa hapa. Nilikudanganya wewe, na juzi nilinunua ngozi, jana nikaenda kumdanganya yeye."

Alex alitazama watu kana kwamba wamesikia kichekesho. "Unamkamua wewe. Samadi yake iko shambani kwako. Leo si wako?"

"Si wangu. Waulize hawa."

"Ni wa Hhando," alisema Bibi Philomena. "Hata mama yake nilimwona akiletwa."

"Basi wewe ni tapeli, kaka."

"Nimekosa. Liandike hilo kwenye karatasi yako, na unishtaki mimi. Vya kwangu ni hivi." Aliingia ndani, akatoa redio, akatoa sola na betri yake, akatoa godoro akiliburuta. "Na kila Jumamosi nitakuletea elfu ishirini, mpaka itimie laki tatu niliyoandika, pamoja na zile nilizokwisha kukulipa. Hizo nyingine umeziokota wapi, utaeleza mbele ya hakimu."

Vijana walipakia sola na redio. Godoro Alex alilikataa, akasema lina kunguni, na watu wawili watatu wakacheka kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Alikuwa ameshika mlango wa gari Bibi Philomena alipomfuata.

"Mwanangu, na wewe nisaidie. Ng'ombe wa huku umewapiga picha wangapi?"

Alex alikuwa na hasira, na mwenye hasira hachagui maneno. "Wengi tu, bibi. Waliojaza fomu wanajijua." Akawasha gari.

Watu walitazamana usoni, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakatazama mazizi. Patriki alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Jioni Severine alimpigia Jenifa akamweleza, kuanzia mwanzo, bila kuruka kitu. Alimsikia akipumua mpaka mwisho. "Nimesikia," Jenifa alisema. "Eva ana mafua." Hakukata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka salio likaisha.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, Severine alitoka na ndoo kabla jua halijafika bondeni. Alidhani ni siku ya mnada aliyoisahau, kwa jinsi ng'ombe walivyokuwa wengi njiani. Lakini hawakuwa wanaelekea mnadani. Mmoja alikuwa anapandishwa kilima cha kanisa, wawili wanashushwa toka huko huko, mwingine anavutwa kandokando ya shamba la vitunguu saumu huku akigeuza shingo kutazama alikotoka. Kila mmoja alikuwa na mtu mbele na kamba mkononi. Watu walipishana kwenye njia nyembamba, wakasalimiana kwa heshima zote, shikamoo, marahaba, na hawakusimama kuongea. Katika bonde zima, watu walikuwa wanakwenda kuchukua ng'ombe wao kwenye mazizi ya marafiki zao.

Ng'ambo ya kijito, Bibi Philomena alifika kwa Patriki. Hakubisha hodi. Alifungua zizi, akamfungua ng'ombe wake wa kijivu, akaanza kuondoka naye. Zita alitoka ndani na kibuyu cha kukamulia, akasimama. Patriki alikuja nyuma yake, akasema jambo ambalo Severine hakulisikia, na bibi akajibu bila kugeuka, akaendelea kutembea, ng'ombe akimfuata.

Kisha Patriki akainua macho na kumwona Severine, amesimama na ndoo yake mbele ya zizi lililokuwa bado na ng'ombe.