Jirani wa Viola

Kila Alhamisi, mzee jirani wa ghorofa ya juu hushuka kwa Bibi Walburga, hapa Vienna, kupiga muziki na wenzake, na viola yake, fidla kubwa kidogo, miguuni ndara, akifuta kidevu kwa leso kabla ya kupiga. Marehemu mume wa bibi huyo, aliyeongoza kwa fidla, alizoea kukosea mwishoni mwa minueti, muziki wa dansi ya kale: alirudia pasiporudiwa. Jirani alimfuata mbio katika kosa hilo, kisha akasema, “Samahani, ni mimi.” Wenzao wakamcheka yeye.

Alhamisi ya kwanza baada ya msiba, binamu wa marehemu akiongoza, minueti ilikwenda sawa. “Babu, leo umepona?” Hermine, mpigaji wa selo, fidla kubwa ya kushika magotini, akamtania jirani. “Au mkosaji tumemzika?” Bibi Walburga akakaza mikono mapajani. Jirani akafuta kidevu. Katika minueti iliyofuata akarudia pasiporudiwa, peke yake, kwa nguvu. “Samahani,” akasema, “ni mimi.” Kahawa ilipokuja, Bibi Walburga alimmiminia yeye kwanza, katika kikombe cha marehemu.