Kiko cha Bibi na Pongo wa Maharage

Mzee mmoja amewasha kiko hapa kwenye baraza la duka, Miembeni, na pua yangu imerudi Kimwani, shambani kwa Bibi. Asubuhi ile wajomba walikuwa wanakwenda kuwinda pongo, swala aliyekuwa akimaliza maharage yetu. Walijisugua majani ya mgomba kuondoa harufu, kisha wakamgeukia Bibi: "Mama, zima hicho kiko! Pongo akinusa tumbaku hatumpati."

Bibi akapuliza moshi tu.

Walishinda porini na mbwa wao. Mimi na Bibi tulikaa nyuma ya nyumba, moshi ukielekea shambani, tukimtazama pongo akitafuna maharage bila haraka.

"Mwache ashibe," Bibi akaninong'oneza.

Jioni wajomba walirudi mikono mitupu, wakakilaumu kiko. Bibi akawapa pole, akakiwasha tena.