Alarm ya oil ililia tukiwa na jeneza la kaka yangu ziwani

Wakuu, salamu. Hii sikuhadithiwa na mtu. Ilinipata mwenyewe, na mashahidi wako Takawiri hadi leo.

Mimi hutengeneza pampu za maji za wachimba dhahabu kule Macalder. Kaka yangu mkubwa, Odhiambo, alikuwa mvuvi katika kisiwa cha Takawiri. Aliugua muda mrefu, akafia hospitalini Migori.

Ya ugonjwa niyaache. Bado yananiuma.

Familia ilikubaliana avushwe kutoka Mbita hadi kisiwani kwa boti yake mwenyewe, kwa injini yake, two-stroke yenye oil injection. Kwa msioijua: oil ina tanki lake ndani ya injini, na pampu ndiyo inaichanganya na petroli.

Shida ilianzia hapo. Kwetu vitu vya marehemu havifunguliwi kabla hajazikwa. Wazee wakasema injini iwashwe kwa sababu inampeleka nyumbani, lakini kava isiguswe. Na injini yenyewe ilikuwa imelala Mbita chini ya turubai tangu siku alipoiacha akienda hospitali.

Nilinung'unika. Nikaambiwa nirudi kwa pampu zangu.

Tulipofika katikati ya maji, alarm ikaanza kulia, tena mfululizo. Injini ikajipunguza mwendo yenyewe. Akina mama wakaacha kuimba, mmoja akasema Odhiambo anakataa kwenda. Upepo nao ulikuwa unaongezeka.

Binamu yetu Ouma, aliyekuwa akiendesha, akashika waya wa alarm. "Omera, hii ni sensor tu imeharibika. Wacha nikate inyamaze, twende."

Hasira zilinipanda. "Ukikata itanyamaza, sawa. Na kama oil haifiki, injini itajam na brathe yetu atalala kwa maji. Zima!"

Akazima. Tukabaki tunaelea, wazee wakinitazama kwa jicho baya. Nikamgeukia Akinyi, mjane wake, aliyekuwa ameweka mkono juu ya jeneza tangu tuondoke.

"Shem, fungua," akasema. "Hata yeye angefungua. Hii injini ndio italisha watoto wake."

Mzee mmoja akasogea kunipisha.

Nikatoa kava. Tanki la oil lilikuwa limejaa! Ouma akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini ule mpira wa kupeleka oil kwenye pampu unaonyesha ndani, na ndani mlikuwa na mapovu ya hewa. Sensor haikuwa inadanganya.

Nikaichomoa hiyo sensor kwenye tanki. Chini yake kuna kichujio kidogo, na kilikuwa kimezibwa na tope la oil iliyoingiliwa na maji. Oil ipo, ila haipiti kuifikia sensor wala pampu. Nikaondoa maji yaliyotuama ndani ya tanki, nikaosha kichujio kwa petroli, nikarudisha, kisha nikalegeza skrubu ya pampu hadi hewa ikaisha.

Bado sikuiamini. Nilitaka kuchanganya oil kidogo moja kwa moja kwenye petroli, pampu ikigoma tena injini isife. Nani amebeba oil? Hakuna.

Akinyi akainama chini ya kiti cha nyuma, akatoa chupa iliyofungwa kwa kipande cha wavu. Haikuwa imefunguliwa.

"Aliweka hapa siku nilimpeleka hospitali," akasema. "Aliniambia ni ya safari ya kurudi."

Wakuu, nililia. Ouma alilia. Nilimimina nikiwa sioni vizuri.

Injini ikawaka, alarm ikanyamaza yenyewe, bila kukatwa waya. Akina mama wakaanza wimbo upya.

Nilichojifunza: alarm ikilia, angalia tanki, angalia mpira, angalia kichujio, ndipo uilaumu sensor. Na mila tuziheshimu, lakini ruhusa iombwe mkiwa bado nchi kavu.

Wenye two-stroke, na wenye mila kama zetu, nyinyi mngefanyaje? Semeni hapa, hata kama ni kunigombeza.

Ile chupa ilibaki na oil kidogo. Injini sasa inavua, inalisha watoto. Kila nikienda kuifanyia service namwambia shemeji tuimalizie ile oil, na kila mara anakataa.